Otomatiki Mpya, Transfa ya Zamani: Pesa Zinakwenda Wapi?

Mwenye Land Cruiser ya zamani anayetaka kuachana na klachi huanza kwa kuulizia bei ya giaboksi ya otomatiki. Swali ni la haki, lakini ndilo linalompoteza. Giaboksi zilizotumika zipo Dar es Salaam, zipo Nairobi, na mwenye jamaa Sharjah ataletewa yake ndani ya kontena la spea. Bili kubwa iko kwingine. Iko kwenye nafasi ya sentimita chache kati ya mkia wa giaboksi hiyo na mdomo wa transfa, lile boksi la pili linalogawa nguvu kwa difu ya mbele na ya nyuma na kukupa gia nzito za matope na milima. Bei ya kuunganisha hapo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Nachukua mfano wa gari ambalo halihitaji kutambulishwa kuanzia Mwanza hadi Marsabit: Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Injini hii ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Inatoa takribani kilowati 96, na nguvu yake ya kuzungusha hufika Nm 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Haina kompyuta ya kuiongoza. Pampu ya dizeli inaendeshwa kwa waya kutoka kwenye pedali. Nyingi za aina ya 75 zilitoka kiwandani na giaboksi ya mkono ya H55F, yenye gia 5, nyuma yake transfa ambayo gia yake nzito ina uwiano wa karibu 2.28. Ni chuma kigumu, na sababu ya watu kukiacha si kwamba kimeshindwa kazi. Ni goti la dereva, foleni za Mandela Road na Thika Road, au mzee wa nyumbani ambaye hawezi tena kukanyaga klachi mara mia asubuhi moja.

Basi hesabu ianze kwa njia ambayo mafundi hawapendi kuitaja, maana haina kazi kubwa ndani yake: kubaki na giaboksi ya mkono. Sahani mpya ya klachi, kifuniko chake, bering ya kusukuma, silinda za klachi za juu na chini, na flaiwili kusafishwa uso kwa fundi mchonga vyuma. Ukiongeza bering na sili za giaboksi yenyewe, bado bili itakuwa ndogo kuliko njia nyingine yoyote katika makala hii. Klachi nzito mara nyingi ni silinda iliyochoka au sahani isiyo ya aina yake, na hilo hurekebishika. Anayetaka otomatiki kwa sababu klachi yake imekuwa nzito aitengeneze kwanza, aendeshe mwezi, ndipo aamue.

Akiamua bado anaitaka otomatiki, njia ya kwanza ya kupimwa ni giaboksi ya Toyota ya gia 4 iitwayo A442F, pamoja na kaka yake mkubwa A440F. Hizi zilifungwa kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 80 zenye dizeli ya 1HD-T, na ubora wake kwetu ni kwamba bloki ya 1HD na bloki ya 1HZ zinalingana mahali pa kufungia giaboksi. Huhitaji bamba la kuunganishia upande wa injini. Japani kwenyewe Toyota iliuza baadhi ya magari ya mfululizo wa 70 yenye 1HZ na otomatiki ya gia 4, kwa hiyo ndoa hii si ya kubuni. Tena giaboksi hizi hufanya kazi zaidi kwa shinikizo la oili na waya unaotoka kwenye pampu ya dizeli. Umeme wake ni kidogo. Kwa injini isiyo na kompyuta hiyo ni nafuu kubwa.

Hapa mnunuzi hukutana na njia panda. Aichukue A442F peke yake na kuiunganisha na transfa yake ya zamani, au achukue A442F ikiwa imeshikana na transfa yake ya kiwandani? Muuzaji wa spea atakwambia transfa si lazima, na bila transfa bei itashuka. Ushauri wangu ni kuchukua vyote viwili vikiwa vimeshikana, na ikiwezekana kuvitoa kwenye nusu gari moja pamoja na toki konvata, sahani yake inayokaa mahali pa flaiwili, waya wa pampu, wenzo wa gia, mabomba ya kipoza oili na bolti zake zote. Kiungo kati ya boksi hizo mbili kimeshapimwa na kiwanda. Shafti inaingia mahali pake, sili inakaa mahali pake, na hakuna anayebahatisha. Pesa uliyoona umeiokoa kwa kuacha transfa itatoka mara mbili kwa fundi mchonga vyuma.

Ila transfa ya 80 ina jambo ambalo lazima uliulizie kabla ya kulipa. Nyingi ni za aina ya HF2A, ambazo huendesha magurudumu yote manne muda wote kwa kupitia difu ya katikati. Land Cruiser ya 70 huwa na frihabu mbele, na dereva huziachia akiwa kwenye lami. Ukifunga HF2A halafu ukaachia frihabu, nguvu yote hukimbilia upande wa mbele usio na mzigo na gari halisogei mpaka ufunge difu ya katikati. Kwa hiyo ama frihabu zibaki zimefungwa daima, na uhakikishe ekseli na viungo vya mbele viko salama kwa kazi hiyo, ama utafute HF1A, ambayo ni ndugu yake wa kuingiza magurudumu ya mbele unapotaka. Vipo pia vifaa vya kuibadili HF2A iwe hivyo. Gereji isiyojua tofauti hii isikushikie gari.

Udhaifu wa njia hii ni umri. A442F nyingi zilizopo sokoni zimeshatembea miaka mingi, nyingine zimevuta matrela jangwani. Oili yake iwe nyekundu na isinuke kuungua. Sinia la chini lifunguliwe mbele yako, na ukikuta unga mweusi mwingi au vipande vya chuma, ondoka. Hata ikionekana safi, iwekee fungu la kubadilisha sili, filta na sahani za ndani. Giaboksi ya zamani iliyofunguliwa na kurudishiwa vipya ni bora kuliko ile iliyooshwa nje kwa petroli ikang'aa.

Sasa tuje kwenye kile ambacho vijana wengi wa gereji wanakisifia: giaboksi mpya zaidi, A750F, yenye gia 5. Imejaa sokoni kwa sababu imo ndani ya Prado za mfululizo wa 120 na magari mengine mengi ya Toyota, na Land Cruiser 100 yenye dizeli ya 1HD-FTE iliipata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kwetu, kwa kuwa kengele yake ya mbele (ganda linalofungwa kwenye injini), konvata yake na sahani yake vinaweza kukaa nyuma ya 1HZ. Ya Prado ya petroli ina kengele nyingine, na utalazimika kutafuta ile ya dizeli kubwa kando.

Lakini kwa nini usichukue A750F ya Prado na transfa yake, kama nilivyoshauri kwa A442F? Kwa sababu transfa ya Prado hutoa propela ya mbele upande wa kushoto wa gari, na difu ya mbele ya Land Cruiser yenye ekseli nzima iko kulia. Propela haiwezi kukata chini ya injini kwenda upande wa pili. Ndiyo maana mwenye giaboksi ya Prado hubaki na transfa yake ya zamani, na hapo ndipo linapozaliwa suala zima la kiungo: bamba la alumini la kuzishika boksi mbili zenye matundu ya bolti yasiyolingana, na shafti fupi ambayo meno yake ya mbele yanaingia kwenye giaboksi na ya nyuma kwenye transfa.

Bamba mtu anaweza kulichonga hapa nyumbani. Tunao mafundi wa kerezo wenye macho makali, na alumini nzito inapatikana. Sharti ni moja, nalo ni gumu: tundu la katikati likae sawasawa na mstari wa shafti. Likipotoka hata kwa sehemu ya milimita, bering ya kuingilia transfa huliwa taratibu, sili huvuja, na mlio unaanza ukiwa umeshamaliza kulipa. Shafti ni habari nyingine, na hapa sina simile: nunua kwa mtengenezaji anayejulikana, usichongewe kutoka kwenye ekseli kuukuu.

Sababu iko kwenye hesabu. H55F kwenye gia ya kwanza huzidisha nguvu ya injini mara 4.84, hivyo Nm 285 zinafika kwenye transfa zikiwa karibu Nm 1,380. A750F huzidisha mara 3.52 tu, jambo linaloonekana la nafuu. Lakini mbele yake kuna toki konvata, ambayo gari likiwa limesimama na umekanyaga mafuta inaweza kuzidisha nguvu karibu mara mbili. Piga 285 mara 2 mara 3.52, unakaribia Nm 2,000. Transfa ya zamani na shafti hiyo fupi vinapokea mzigo mkubwa kuliko vilivyowahi kupokea. Chuma kisichokomazwa kwa moto kitajipinda meno, na kitafanya hivyo ukiwa kwenye mchanga au mtoni, mahali ambapo mzigo ni mkubwa.

Marekani na Australia viko viwanda vilivyojenga jina kwa kazi hii tu. Advance Adapters ya California na Marks 4WD Adaptors ya Melbourne hutengeneza mabamba na shafti za kuunganisha giaboksi za aina moja na transfa za aina nyingine. Bamba peke yake hugharimu mamia ya dola za Marekani, na seti kamili yenye shafti hupita 1,000 kwa urahisi. Juu yake ongeza nauli, bima na ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, ambayo hukokotolewa juu ya jumla hiyo yote wala si juu ya bei ya dukani pekee. Kabla ya kuagiza, hesabu meno ya shafti ya transfa yako kwa kidole, piga picha, mtumie muuzaji. Transfa za Land Cruiser zilibadilishwa meno kadiri miaka ilivyokwenda, na seti iliyokuja na meno tofauti ni chuma cha kuwekea mlango.

Baada ya chuma unakuja umeme. A750F hubadilisha gia kwa amri ya kompyuta, na kompyuta hiyo inataka kujua mambo ambayo 1HZ haijawahi kumwambia mtu: pedali imekanyagwa kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi, gari linakwenda kasi gani. Kwa hiyo utafunga sensa kwenye wenzo wa pampu ya dizeli, utatafuta ishara ya mizunguko, na utanunua kompyuta ya kujitegemea ya giaboksi. Kompyuta za aina hiyo zinauzwa nje kwa mamia ya dola, nyingine hupita 1,000. Kisha anahitajika mtu wa kuipangia lini ibadilishe gia na lini ifunge konvata. Mtu huyo ndiye adimu kuliko spea zote. Muulize fundi wako ni nani atakayekuja na kompyuta mpakato siku gari linapogoma njiani kati ya Dodoma na Singida. Asipokuwa na jibu, bei aliyokupa haijakamilika.

Nikiiweka bili ya njia hii mezani, giaboksi yenyewe haifiki nusu. Zimo bamba, shafti, kompyuta, sensa, waya, kipoza oili, kusogeza mhimili wa chasi unaobeba giaboksi, wenzo mpya wa gia, na propela mbili, kwa kuwa urefu wa boksi umebadilika: moja itakatwa, nyingine itaongezwa, na zote lazima zisawazishwe kwenye mashine. Propela iliyounganishwa kwa kulehemu bila kusawazishwa hutikisa gari zima kuanzia kilomita 80 kwa saa na kuharibu ile bering mpya uliyolipia.

Wapo wanaotaka zaidi: AB60F ya gia 6 kutoka Land Cruiser 200, au za Kimarekani kama 4L80E na 6L80 za General Motors. Nitazipita haraka, kwa sababu kwa 1HZ sioni faida yake. Za General Motors zinahitaji bamba mbele na bamba nyuma, maana hata kwenye injini hazikai. Zinafaa anayefunga pia injini ya V8 ya Kimarekani. AB60F Waaustralia huipenda kwenye Land Cruiser 70 zenye V8 ya dizeli ya lita 4.5, na bei ya kufungiwa kwao hupita dola 10,000 za Australia. Injini hiyo ina nguvu za kuivuta. Kwa 1HZ, fanya hesabu ya barabarani. Kwa tairi la 7.50R16 na difu ya 4.11, kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano ya H55F ni kama mizunguko 2,300 kwa dakika. Gia ya tano ya A750F inashusha hadi karibu 1,960, na 1HZ bado inaweza kuishi hapo ikiwa barabara ni tambarare. Gia ya sita ya AB60F, yenye uwiano wa 0.588, inashusha hadi 1,600, ambapo injini hii imezama chini ya mizunguko yake ya nguvu. Kompyuta itairudisha gia ya tano kila ikikutana na kilima kidogo. Umelipia gia ambayo hutaitumia.

Kuuza gari na kununua lenye otomatiki tayari ni njia ya haki pia. Toyota yenyewe ilileta Land Cruiser 70 yenye dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia 6 mwaka 2023, na nguvu yake ya Nm 500 inaifanya 1HZ ionekane mzee. Bei yake ni ya mashirika na wenye hoteli. Kwa mtu wa kawaida, chaguo ni 80 ya otomatiki iliyopo tayari nchini, na Kenya hilo ni lazima, kwa sababu gari lililopita miaka 8 haliingizwi. Kama unachotaka ni otomatiki tu na huna mapenzi na chasi yako ya 75, tafuta 80 nzima kabla ya kununua giaboksi ya 80.

Uamuzi wangu, basi. Mwenye 1HZ anayetaka otomatiki ya kudumu, ya kutengenezeka Mbeya au Isiolo, achukue A442F na transfa yake. Anayo sababu ya kuiunganisha A750F na transfa ya zamani yule ambaye ameshapandisha turbo au kufunga 1HD, transfa yake imefunguliwa ikakutwa nzima, na ana fundi wa umeme wa kumtegemea. Nje ya hapo, giaboksi mpya nyuma ya injini ya zamani na mbele ya transfa ya zamani ni mzigo wa gharama pande zote mbili.

Yapo mambo manne ambayo bili nyingi huyaficha, na yanahusu njia zote za otomatiki.

Joto ndilo linaloua otomatiki. Kipoza kidogo cha ndani ya rejeta hakitoshi kwa gari linalopanda na mzigo kwenye mchanga. Weka cha nje, na geji ya joto la oili mbele ya dereva. Nyuzi 80 hadi 95 ni salama. Ikipita 120 mara kwa mara, umri wa oili na sahani unakatika.

Sili ya kati ya giaboksi na transfa hutenganisha oili mbili zisizopatana, nyepesi ya otomatiki na nzito ya gia. Ikivuja, kipimo cha boksi moja kitapanda na cha lingine kitashuka bila tone kuanguka chini. Baada ya kufungwa, pima boksi zote mbili kila wiki kwa mwezi wa kwanza.

Breki ya injini itapungua. H55F kwenye gia nzito ya kwanza, na difu ya 4.11, hukupa uwiano wa jumla wa karibu 45. A442F na HF2A inakupa 30, A750F na transfa ya zamani 33. Kupanda, konvata inafidia, kushuka haifidii. Dereva wa utalii anayeteremka ukuta wa Ngorongoro, wenye kina cha mita 600 hivi, atatumia breki za miguu zaidi ya alivyozoea. Zitengenezwe kabla ya giaboksi, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti.

Na kuhusu P: kufuli ya P iko ndani ya giaboksi, mbele ya transfa. Wenzo wa transfa ukiwa katikati, magurudumu hayajashikwa na chochote hata kama gia iko P. Gari lililoegeshwa mlimani linaondoka. Hendibreki lazima iwe hai, na kila anayekabidhiwa ufunguo aambiwe hivyo kwa mdomo.

Mwambie fundi aandike bei ya kila kipande, ikiwemo propela, kompyuta na oili, kabla ya kugusa bolti, na akupe muda wa dhamana ya kazi yake kwa maandishi. Mjulishe mwenye bima yako mabadiliko. Na H55F uliyoitoa usiiuze wiki hiyo, hata akija mnunuzi na pesa mkononi, kwa maana ina soko zuri na haitakosa mtu. Ifunike mashimo, iweke pakavu pamoja na flaiwili, klachi, pedali na propela zake za awali, mpaka gari liwe limesafiri safari ndefu likiwa na mzigo kamili na kipimo cha oili cha boksi zote mbili kimebaki palepale. Hapo ndipo bei yake iingie kwenye hesabu kama punguzo la gharama.